Mtumba na Akiba: Jinsi Programu za Mtandao Zifungwavyo na Kuwekwa

Neno "mtumba", ambalo leo hutajwa zaidi kwa nguo kuukuu za sokoni, lilikuwa katika karne ya 19 jina la robota la nguo lililokazwa kwa kamba, lipate kuchukuliwa begani na mpagazi mmoja kutoka Bagamoyo hata Tabora na Ujiji. Uzito wake ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70 hivi. Tabora palikuwa ghala la njia: mali iliwekwa katika matembe, na misafara ya kwenda Ujiji, Karagwe au Buganda ikachukua humo, bila kurudi pwani kwa kila haja. Kufunga na kuweka ndizo kazi mbili ninazokusudia kueleza hapa, ila mzigo wenyewe ni maandishi ya JavaScript, lugha ya programu aliyoitunga Brendan Eich mwaka 1995.

Programu ya mazungumzo ya papo kwa papo hukimbia ndani ya kivinjari cha mtumiaji. Kwa hiyo hapana budi maandishi yake yote yasafirishwe kwanza kutoka seva. Nyaya za bahari za siku hizi zilianza kutua Dar es Salaam mwaka 2009, lakini aliyeko Tabora na simu mkononi hununua bando kwa kipimo, na kila kilobaiti ina bei yake.

Kwanza fundi hukwangua: huondoa nafasi na maelezo ya pembeni, na majina marefu huyafanya herufi moja. Kisha hubana. Njia iliyoenea, gzip ya mwaka 1992, yategemea fikira ya Lempel na Ziv ya mwaka 1977. Tutazame maneno haya: "wanasoma wanaimba wanacheka". Mashine huandika neno la kwanza lote. Ifikapo la pili haiandiki "wana", bali huagiza: rudi nyuma herufi 9, chukua 4. Kwa la tatu hufanya jambo litakalomshangaza mwanasarufi. Hurudi nyuma 9 na kuchukua 6, yaani "a wana", pamoja na nafasi iliyo kati ya maneno. Kwake yeye hapana kiambishi wala mzizi, ila marudio tu. Kisha hufuata kanuni ya Huffman ya mwaka 1952, itoayo alama fupi kwa herufi zitumikazo sana. Katika Kiswahili "a" hupata faida ya kwanza.

Basi maandishi mafupi, yasiyo na marudio, hayabaniki sana. Brotli, iliyowekewa kanuni rasmi mwaka 2016, ilitatua shida hiyo kwa kubeba kamusi yake ndani: vipande 13,504 vya Kiingereza, Kihispania, Kichina, Kihindi, Kirusi na Kiarabu, pamoja na maneno ya JavaScript yenyewe. Kiswahili hakimo. Kwa maandishi ya programu hasara ni ndogo, maana "function" na "return" ni zile zile popote. Lakini ukurasa mfupi wa Kiswahili huingia njiani bila msaada ule ambao ukurasa wa Kihispania unao.

Sasa akiba. Wahenga walisema akiba haiozi; katika kazi hii huoza. Wafanyabiashara wa njia ya Tabora walijua kwamba ushanga uliopendwa mahali fulani waweza kukataliwa mbele, na mzigo mzima ukawa hauna thamani. Vivyo hivyo kivinjari kikishika programu ya zamani, hali seva imekwisha badilika, mazungumzo huharibika. Dawa ni kulipa jalada jina litokanalo na yaliyomo: yakibadilika hata herufi moja, jina nalo hubadilika. Jalada la namna hiyo laweza kuruhusiwa kukaa mwaka mzima, sekunde 31,536,000, pasipo kuuliza. Ukurasa wa kwanza tu, wenye orodha ya majina hayo, ndio uulize kila mara; na swali hilo, hata likijibiwa "hakuna jipya", hutoza muda, kama hongo ya watemi, iliyolipwa kwa kupita tu.

Ujumbe wenyewe wa papo kwa papo hauwekwi kabisa. Mwaka 1871 Stanley alikuta Unyanyembe barua za Livingstone zilizotumwa kutoka Unguja tangu 1870, na mwenyewe yuko Manyema. Habari ikikaa ghalani huwa historia. Lakini yaliyokwisha kupita yaweza kukumbukwa: kanuni ya mwaka 2015 yaruhusu kila ujumbe ubanwe kwa kutazama zilizotangulia, hata mazungumzo ya Kiswahili yakajifanyia kamusi yake.

Tangu 2024 kivinjari cha Chrome hukubali pia kamusi iliyoletwa na mwenye tovuti. Programu ya jana, iliyomo katika akiba, hutumika kuibana ya leo, na yasafirishwa tofauti tu. Mlango huo huo wafaa kwa kurasa za Kiswahili: orodha ya "kwamba", "katika", "ambaye", "hawaku", "yaliyo" na mfano wa hayo, yaliyohesabiwa katika maandishi mengi, hupelekwa mara moja na kuwekwa. Kazi hiyo si ya fundi peke yake, maana yeye hajui wapi pa kuhesabu.