Wakili wa Akili Unde: Kweli au Uongo?

Wakili anayeanza kazi Machakos hutarajiwa kutafuta riziki yake kwenye hati za ardhi, mirathi na kesi za jinai. Akisema anataka kushughulikia maadili na usimamizi wa akili unde, atapewa sababu nyingi za kuachana na ndoto hiyo. Baadhi zina ukweli ndani yake.

"Kenya haina sheria ya akili unde, kazi itatoka wapi?"

Nusu kweli. Mkakati wa Taifa wa Akili Unde uliozinduliwa Machi 2025 ni sera tu, si sheria. Lakini Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakwenda mbali kuliko wengi wanavyodhani. Mchukue mwendesha bodaboda wa Mwala aliyenyimwa mkopo na programu ya simu bila binadamu yeyote kuitazama faili yake. Kifungu cha 35 cha sheria hiyo kinataka ajulishwe kwa maandishi kwamba uamuzi ulifanywa na mashine, na kinamruhusu kudai uangaliwe upya. Kampuni itajitetea kwamba alikubali masharti alipobonyeza kitufe. Je, idhini ya namna hiyo ni idhini kweli? Swali hilo ni la wakili, wala halisubiri sheria mpya.

Mahakama nazo zimekwisha kusema. Oktoba 2021, Jaji Jairus Ngaah alibatilisha utoaji wa kadi za utambulisho za Huduma kwa kuwa serikali haikutathmini kwanza athari zake kwa data za wananchi. Mei 2025, Mahakama Kuu iliamuru mradi wa sarafu ya kidijitali wa Worldcoin ufute data za mboni za macho ulizokusanya kwa Wakenya. Kesi zote mbili zilisukumwa na shirika la Katiba Institute.

"Lazima ujue kuandika programu."

Uongo. Kesi ya kadi za Huduma haikuamuliwa kwa hesabu za kompyuta, iliamuliwa kwa Kifungu cha 31 cha sheria hiyo ya data. Hata hivyo, asiyeweza kumuuliza mhandisi data zilitoka wapi, nani aliujaribu mfumo na ukikosea nani atawajibika, asijiite mtaalamu.

"Hiyo ni kazi ya Nairobi na Brussels."

Uongo, ingawa umeenea. Mwaka 2022 Daniel Motaung, aliyekuwa akichuja maudhui ya Facebook jijini Nairobi, aliishtaki Meta, kampuni inayomiliki Facebook, akiwakilishwa na wakili Mercy Mutemi. Kampuni ilidai mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Ilishindwa Februari 2023, ikakata rufaa, ikashindwa tena Septemba 2024. Yaani kampuni ya California inaweza kujibu mashtaka hapa kwetu.

Na Machakos yenyewe? Konza, yenye kituo cha taifa cha data, ipo mlangoni. Mbali na hapo kuna SACCO, hospitali na shule zinazohifadhi taarifa za watu bila mshauri. Shule moja ya Uthiru ilitozwa faini ya shilingi milioni 4.55 mwaka 2023 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Nina shaka kama walimu wakuu wengi wa kaunti hii wanaijua habari hiyo.

"Mashine itamnyang'anya wakili kazi."

Waulize mawakili wawili wa New York waliopigwa faini ya dola 5,000 mwaka 2023 baada ya kuwasilisha kesi zilizobuniwa na ChatGPT.

"Ina pesa za haraka."

Uongo mtupu kwa anayeanza Machakos. Hati za ardhi zitaendelea kulipa kodi ya ofisi kwa muda.

Kama bado unaitaka kazi hii, isome Sheria ya 2019 yote, kisha uende kwenye SACCO yako uulize nani anaamua mikopo: afisa au mashine.