Mgeni katika Duara la Dhikiri

Wachungaji wengi wa sharika za pwani huishi mlango kwa mlango na wafuasi wa tarika, na si mara chache hualikwa kuhudhuria dhikiri. Wanafunzi wetu nao hutuuliza: Je, Mkristo aweza kwenda? Na akiisha kufika, aketi wapi? Swali la pili ndilo gumu zaidi, nalo ndilo tunalokusudia kulishughulikia hapa.

Tarika maana yake ni njia. Ni njia ya Masufi, yaani Waislamu ambao, pamoja na kuishika sheria, hutafuta kumkaribia Mungu kwa toba, kwa kulikumbuka jina lake na kwa uongozi wa mwalimu. Katika Tanzania bara iliyoenea zaidi ni Qadiriyya, iitwayo kwa jina la Abdulqadir al-Jilani, aliyefariki Baghdad mwaka 1166. Mwenezaji wake mashuhuri, Sheikh Uways wa Barawa (1847–1909), alifika Unguja katika miaka ya 1880, enzi za Sultani Barghash.

Msomaji wa historia ya Kanisa na autazame mji wa Bagamoyo. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni pale, wakawapokea watumwa waliokombolewa. Katika mji huohuo Yahya bin Abdallah, aliyeletwa kutoka Manyema, mashariki ya Kongo, akiwa mtumwa, alipanda hata akawa khalifa wa Qadiriyya. Watu walimwita Sheikh Ramiya, na hadi kufa kwake mwaka 1931 sifa zake zilikuwa zimevuka mipaka ya mji. Kwa maoni yetu jambo hili laeleza kuenea kwa tarika kuliko mdundo wa dufu, ambao ndio wageni wengi huukumbuka. Mtu wa bara, aliyehesabiwa mshenzi na waungwana wa pwani, aliketi nao mkeka mmoja, tena akawaongoza.

Mgeni wa mara ya kwanza huvua viatu, hukaribishwa jamvini, na hunusa udi kabla hajasikia neno. Mkutano hufunguliwa kwa Fatiha na dua; huenda ikasomwa silsila, yaani mlolongo wa masheikh walipokezana njia hiyo tangu Mtume. Hufuata kasida. Ndipo watu husimama katika duara na kuanza kutamka La ilaha illa Llah, polepole kwanza, kisha kwa kasi, wakiinama na kuinuka pamoja, hata maneno yenyewe huzama na kubaki pumzi iliyo kama msumeno. Asiyezoea hudhani watu wamepandwa na wazimu. Amtazame kiongozi: huyo huongeza mwendo, huupunguza, na kwa ishara moja wote hunyamaza. Waislamu wenyewe hawapatani juu ya jambo hili. Answar Sunna, kwa mfano, huliita bidaa. Basi tusiseme “Uislamu” pale tulipoona tarika tu.

Wako wahubiri wanaokimbilia Mathayo 6:7 na kuimaliza habari. Lakini Bwana mwenyewe katika Gethsemane alisali mara ya tatu kwa maneno yale yale (Mathayo 26:44), na Zaburi ya 136 ina kiitikio kimoja kwa kila aya. Kurudia si kosa.

Mgogoro wetu uko kwingine. Wenyeji wakarimu humvuta mgeni mkono aingie duarani. Baadhi ya wenzetu huona hakuna ubaya, kwa kuwa hakuna mungu ila Mungu ni kweli ambayo Israeli waliiungama kabla yetu. Hatukubaliani nao. Maneno hayo, katika duara lile, ni nusu ya shahada, na nusu ya pili inajulikana na wote hata isipotamkwa. Sisi tulio wa Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 tungalipaswa kuwa wa kwanza kufahamu kwamba maneno ya ungamo hayatamkwi kwa ajili ya adabu tu. Mgeni na aketi nje ya duara, kimya, pasipo kunong'ona sala za kupinga na pasipo kuandika daftarini kama mpelelezi. Akiulizwa sababu, aiseme waziwazi. Mwislamu aipendaye shahada yake ataielewa kuliko tunavyodhani.

Baada ya dhikiri huja kahawa, na hapo ndipo mazungumzo yenye faida hutokea. Mgeni na aulize habari za uradi, yaani maneno ya toba na sifa ambayo muridi hupewa na sheikh wake, ayasome asubuhi na jioni. Kwa kawaida naye ataulizwa: Na ninyi, Mungu mwamkumbuka kwa maneno gani mkiamka na mkilala? Katekisimo Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529, ina sala ya asubuhi na sala ya jioni, pamoja na agizo la kusema Imani na Baba Yetu. Wanafunzi wetu hulijibu swali hilo katika mtihani. Pale jamvini huulizwa kama wanazisali.