Kilimia Kiko Upande wa Kibla

Kwa muda wa miaka thelathini nilikuwa nikivuka feri alfajiri kwenda kazini na kurudi Likoni baada ya magharibi, na katika safari zote hizo sidhani kama niliwahi kuinua kichwa kutazama nyota hata mara kumi. Hamu hiyo ilinijia nilipopumzika kazi. Na kama ilivyo ada yetu watu wa leo, jambo la kwanza nililofanya ni kununua kifaa. Katika duka moja mjini nikauziwa darubini ya miguu mitatu, ambayo sanduku lake limechorwa sayari ya Zohali na pete zake zote. Nikaisimamisha uani. Miguu ikawa yatikisika kwa kila upepo, na kila nyota niliyoitafuta ikaruka kama panzi. Usiku wa tatu nikabishiwa hodi. Alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na baada ya salamu na kuulizana hali za watoto akaniambia kwa upole, "Jirani, hicho kidude chako hutazama wapi?"

Nilifahamu mara moja. Nyumba zetu zimesongamana, na ua ni mahali ambapo kina mama hukaa bila buibui. Mtu mzima anayesimama gizani na darubini nyuma ya ukuta hana la kujitetea. Nikaomba radhi, na kile kidude kikarudi sandukuni usiku ule ule.

Habari hizo zikamfikia mjomba wangu, akacheka mpaka akakohoa. Mjomba amepita miaka themanini. Katika ujana wake alisafiri kwa jahazi, akaenda Lamu, akaenda Mukalla, na siku hizo mtu hakutia mguu chomboni bila ya kujua nyota. Sasa presha ya macho imemla macho yote mawili, na haoni ila mwanga. "Rudisha pesa zako kama watakubali," akaniambia. "Kisha njoo na mkeka. Macho yatakuwa yako, majina yatakuwa yangu."

Hivyo ndivyo nilivyoanza, na ningependa msomaji ambaye ana hamu kama yangu aanze hivyo hivyo, bila ya kutumia hata shilingi moja.

Usiku wa kwanza ulikuwa wa mwezi wa Januari, baada ya isha. Mjomba aliniuliza kibla kiko wapi. Nilidhani ataka kuswali sunna. Kumbe hilo ndilo somo lenyewe. Mombasa na Makka ziko karibu sana katika mstari mmoja wa kutoka kusini kwenda kaskazini, hata anayeelekea kibla hapa kwetu huwa ameelekea kaskazini hasa, kwa tofauti isiyofika digrii moja. Kwa hivyo Mwislamu wa Likoni au Kisauni hana haja ya dira. Mashariki iko mkono wake wa kulia, magharibi mkono wa kushoto, na kusi huvuma kutoka mgongoni.

"Sasa inua kichwa. Waona nini?"

Niliona kifungu kidogo cha nyota zilizobanana kama mbegu mkononi. Nilizihesabu sita. "Hicho ndicho Kilimia," akasema. Jina hilo ni letu wenyewe, na latokana na kulima. Kwa vizazi vingi wakulima wa pwani walikipimia misimu yao. Kilimia hupotea magharibi jioni wakati wa masika, kisha huonekana tena alfajiri upande wa mashariki, na wazee walitazama kimezama katika hali gani ya hewa ili wabashiri kitazuka katika hali gani. Waarabu hukiita Thurea, na neno hilo tunalo pia: ndiyo ile taa ya vioo vingi inayoning'inizwa misikitini.

Kando ya Kilimia kuna nyota kubwa nyekundu. Nami nilikuwa nimejifunza jina lake katika ramani ya Kiingereza, nikalitamka kwa mbwembwe zote: Aldebaran. Mjomba akanyamaza kidogo, kisha akacheka tena. "Si Dabarani huyo? Maana yake afuataye. Amfuata Kilimia usiku kucha asimpate." Nikaona haya. Nilitoka kwenda kulitafuta kwa Wazungu jina ambalo wao wenyewe walilichukua kwa Waarabu, na mjomba analo tangu utotoni. Tukaendelea na mengine. Rigel ni rijli, yaani mguu, nao ni mguu wa Jabari, lile jitu lenye nyota tatu kiunoni zilizojipanga sawasawa. Deneb ni dhanabu, mkia. Fomalhaut ni fam al-hut, kinywa cha samaki. Mbingu ya Wazungu imejaa Kiarabu, na anayejua Kiswahili huyasikia nusu ya majina hayo bila ya kufundishwa.

Jabari ndiye wa kumshika kwanza. Zile nyota tatu za kiuno chake huzuka karibu mashariki hasa na kuzama karibu magharibi hasa, na sisi tulio digrii 4 tu kusini mwa ikweta huziona zikipita juu ya utosi. Ukiufuata mstari wake kwa upande mmoja wafika kwa Dabarani na Kilimia. Kwa upande wa pili wafika kwa Shiira, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku, ambayo Kurani imeitaja kwa jina katika Sura ya Najm, aya ya 49. Geuka kusini, na ya pili kwa mwangaza ni Suheli. Tayari una nyota tano au sita, na hizo zatosha kwa mwezi mzima.

Kuna waliomwuliza mke wangu kama siku hizi napiga falaki. Neno hilo limechafuka kwetu. Likisemwa, watu hudhani mtu atazamia bahati au aliyeibiwa kuku amtafuta mwizi. Nilipomweleza mjomba akakasirika kidogo. Alisema nahodha aliyetafuta bahati kwenye nyota alipasua chombo chake mwambani. Wao walitafuta njia.

Adui mkubwa wa kazi hii ni taa, na kila mtaa una hasara yake. Sisi wa Likoni twapoteza kaskazini, kwa kuwa kisiwa na bandari ya Kilindini viko upande huo. Lakini kusini na upande wa baharini kungali na giza la kuridhisha. Mtu wa Kisauni ana kisiwa kusini magharibi yake, basi Suheli humfikia amefifia. Changamwe ndiko kugumu zaidi, maana bandari, uwanja wa ndege na malori ya barabara kuu havilali; mwenzangu mmoja wa huko hupanda juu ya dari lake la zege na kungoja nyota zipande kwanza. Popote ulipo, zima taa ya uani, weka simu mfukoni, na uyape macho dakika 20 yazoee giza. Wengi huchoka katika dakika ya tano, wakasema hakuna kitu.

Kuhusu siku za kutazama, kalenda yetu yatosha. Mwezi wa siku kumi na nne wafuta kila kitu. Kuanzia mwezi ishirini na mbili hivi, mbingu huwa nyeusi tangu isha mpaka karibu na saa sita, na huendelea hivyo mpaka mwandamo. Kaskazi ndiyo yenye usiku mweupe zaidi. Masika lala zako. Ila masika yakitoa usiku mmoja mkavu, mwezi wa Mei, toka nje: kaskazini utaona zile saba ambazo Waarabu huziita Banati Naashi, mabinti wa jeneza, na kusini utauona ule Msalaba wa Kusini, zote kwa wakati mmoja. Mtu wa London hauoni Msalaba huo kwao hata akikesha mwaka mzima.

Baadaye niliazima darubini ya macho mawili, ile ya mabaharia iliyoandikwa 7 x 50, yaani hukuza mara 7 na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 50. Hiyo huinuliwa moja kwa moja juu na haimtishi jirani. Kilimia kikawa si nyota sita tena bali kadhaa wa kadhaa, na Mshtari, nilipoegemeza viwiko ukutani, akawa na vijinukta pembeni mwake: ni ile miezi minne aliyoiona Galileo mwaka 1610.

Nilimsimulia mjomba habari moja ambayo hakuwa nayo. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Wamarekani na Waitalia walirusha chombo cha kutafuta nyota zinazotoa miale ya eksirei, ambayo jicho haliioni. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Kenya, wakakiita Uhuru. Orodha yake ya nne ina vyanzo 339, na mpaka leo wataalamu duniani huvitaja kwa alama ya 4U. Hiyo U ni Uhuru. Mjomba alikaa kimya. "Kumbe nasi tuna jina letu jipya huko," akasema.

Yako anayoyakumbuka ambayo mimi sitayaona nikiwa uani. Jahi, nyota ya kaskazini, haizuki Mombasa kamwe. Yeye alimwona akichomoza chini kabisa ya maji walipokwisha kupita Mogadishu, na tangu hapo nahodha alimpima kila usiku kwa kibao na uzi wenye mafundo, kuanzia kidole kimoja mpaka vingi, hadi nchi ya Waarabu ikaonekana.

Juzi tulikuwa ufukweni, mimi na yeye na mjukuu wangu. Aliomba aelekezwe kusini mashariki, akaunyosha mkono wake mbele na kuvilaza vidole.

"Suheli ameshatoka?"

"Ametoka, mjomba."

"Vidole vingapi juu ya maji?"

Nilipima kwa vidole vyangu, na mtoto akapima kwa vyake. Hesabu zetu hazikulingana, na mjomba akatuambia tupime upya.