Mwaka Mmoja Baada ya Zile Tano: Simba Changa kwa Macho ya Ntobeye

Jumanne ya wiki hii, tarehe 5 Novemba 2024, umetimia mwaka mmoja tangu Yanga ilipoifunga Simba mabao 5–1 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Hapa Ntobeye hakuna aliyeitangaza siku hiyo, lakini hakuna aliyeisahau. Watani zetu walipita mbele ya duka wakiwa wamenyoosha vidole vitano, wakasalimia kwa adabu zote, wakaenda zao. Sisi tuliitikia salamu. Ni wajibu kuitikia salamu, hata ya mwenye vidole vitano.

Nimeona niandike kuhusu jambo hili katika kurasa za familia, wala si katika safu ya michezo, kwa kuwa timu inayocheza Dar es Salaam imo ndani ya nyumba zetu huku mpakani. Watoto wetu hujifunza mbele ya luninga ile namna baba anavyomsema mtu aliyekosea. Na Simba ya msimu huu, kwa vile ni changa, imekosea vya kutosha kutupatia somo kila wiki.

Kwanza tukumbushane hali ilivyokuwa. Baada ya kipigo kile cha mwaka jana, mwalimu Roberto Oliveira, tuliyemzoea kwa jina la Robertinho, aliondoka siku chache tu baadaye. Akaja Abdelhak Benchikha kutoka Algeria, naye hakuumaliza msimu. Juma Mgunda akapewa kazi ya kufunga hesabu. Simba ikamaliza ligi ikiwa na pointi 69 sawa na Azam, ikashika nafasi ya tatu kwa tofauti ya mabao, na hivyo kukosa Ligi ya Mabingwa Afrika na kuangukia Kombe la Shirikisho. Kisha, mwezi Julai, Clatous Chama, mchezaji ambaye kwa miaka kadhaa ndiye aliyekuwa akili ya timu, akavuka barabara kwenda Jangwani. Nimesikia watu wazima wakiizungumzia habari hiyo kwa sauti ya tanzia.

Uongozi ukaamua kuanza upya. Akaletwa Fadlu Davids, mwana wa Cape Town, ambaye msimu uliotangulia alikuwa msaidizi katika benchi la Raja Casablanca iliyotwaa ubingwa wa Morocco bila kupoteza mchezo. Kwa hesabu hiyo, benchi la Simba limekaliwa na walimu wanne ndani ya miezi tisa. Pamoja naye likaja kundi la vijana: kipa Moussa Camara wa Guinea, Joshua Mutale wa Zambia, Steven Mukwala wa Uganda, beki wetu wenyewe Abdulrazak Hamza, na Jean Charles Ahoua wa Ivory Coast, mwenye umri wa miaka 22. Huyu Ahoua ametoka Stella ya Abidjan. Wazee wenzangu watakumbuka kwamba Stella ndiyo iliyotunyang'anya Kombe la CAF mwaka 1993: tulitoka sare 0–0 kwao, tukafungwa 2–0 mbele ya macho yetu Dar es Salaam. Miaka 31 imepita, na sasa kijana wa klabu ile ile anavaa jezi nyekundu. Kandanda ina njia zake za kulipa madeni.

Msimu ukaanza kwa kufungwa. Tarehe 8 Agosti, nusu fainali ya Ngao ya Jamii, Yanga 1, Simba 0. Ligi ilipofunguliwa mambo yakawa mepesi: Tabora United wakafungwa tatu, Fountain Gate wakafungwa nne. Mwezi Septemba Al Ahli Tripoli ya Libya ikabanwa sare tasa kwao na kufungwa 3–1 Dar es Salaam. Hapo watu wakaanza kusema ubingwa. Tarehe 4 Oktoba dhidi ya Coastal Union, Simba ikaongoza kwa mabao mawili kisha ikatoka sare ya 2–2. Tarehe 19 Oktoba, dhidi ya Yanga, dakika zikiwa zinaelekea ukingoni, mpira ukamgonga beki Kelvin Kijili na kuingia katika lango lake mwenyewe. Moja bila.

Mtu anayesoma matokeo haya kwa utulivu ataniuliza: huko ndiko kuhangaika? Timu imeshinda michezo mingi kuliko iliyopoteza. Ni kweli, na ningependa hoja hiyo ipate nafasi yake. Lakini shabiki hahesabu pointi kama karani. Shabiki wa Simba ameuona ubingwa ukienda Jangwani misimu mitatu mfululizo, na kila bao la dakika za mwisho analiongeza juu ya yale matano. Ndiyo maana sare na Coastal Union, ambayo kwa timu nyingine ingekuwa ajali ya kawaida, kwetu iligeuka kesi.

Tuutazame mchezo wenyewe kidogo, maana lawama nyingi za vibandani hutolewa na watu waliokuwa wakiutazama mpira tu bila kuwatazama wachezaji. Kosa la timu hii mara nyingi huanza kabla mpira haujafika langoni. Safu ya ulinzi ni watu wanne na kipa, na kazi yao kubwa ni kusogea pamoja: mmoja akipanda, wote wapande; mmoja akitoka kwenda kukaba, jirani yake aifunge nafasi iliyoachwa. Mambo hayo hayafundishwi kwa wiki sita. Shomari Kapombe na Mohamed Hussein wamecheza pamoja miaka mingi, na mmoja anajua mwenzake atafanya nini kabla hajafanya. Mweke kipa mgeni nyuma yao, beki wa Cameroon mbele ya kipa huyo, kiungo mpya mbele ya beki, na mwalimu wa Afrika Kusini pembeni akipaza sauti. Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza hukutana ndani ya eneo la hatari, na mpira hausubiri mkalimani.

Sisi watu wa Ngara tunalielewa hilo kuliko wengi. Siku ya soko hapa kwetu utasikia Kihangaza, Kirundi, Kinyarwanda na Kiswahili katika mzunguko wa ndizi mmoja, na watu huelewana. Lakini wanaelewana kwa sababu wamekutana soko lile lile tangu utotoni. Mgeni wa jana hununua ghali.

Halafu kuna pengo la Chama. Timu ikiwa na mtu mmoja wa kuufungua mlango uliofungwa, wenzake wote hujifunza kumsubiri. Akiondoka, hubaki na mazoea ya kusubiri bila wa kumsubiri. Ahoua ana jicho zuri na mguu mzuri, ila nimeona mara kadhaa akitoa pasi mahali ambapo mshambuliaji angepaswa kuwa, na mshambuliaji hayupo. Watazamaji hupiga yowe: pasi mbovu! Kwa maoni yangu, pasi ilikuwa sahihi. Mazoea ndiyo hayajazaliwa.

Sasa nirudi nyumbani. Mchezo wa saa kumi na moja jioni una jambo lake huku kwetu. Jua la Ngara huzama takriban nusu saa baada ya lile la Dar es Salaam, kwa hiyo wenzetu wa pwani huingiliwa na Maghrib kipindi cha pili kikiendelea, ilhali kwetu kipenga cha mwisho na adhana hukaribia kugongana. Ni neema ndogo ya jiografia, na huwa nawaambia vijana wasiichezee. Pale kibandani utaona mpira ukiisha kwa ushindi, watu wanatoka mbio kutawadha huku wakicheka. Ukiisha kwa kufungwa, wengine hubaki wamekaa pale pale, wakibishana mbele ya luninga inayoonyesha matangazo ya biashara, mpaka nuru ya magharibi inafutika. Hapo ndipo kipimo cha ushabiki kinapoonekana, na hakihitaji mhadhara mrefu.

Jioni ile ya tarehe 19 Oktoba nilisikia maneno ambayo sitayaandika katika gazeti linaloingia sebuleni mwa watu. Yalisemwa juu ya kijana aliyegongwa na mpira. Waliyasema baba zao mbele ya watoto wa miaka minane na tisa, waliokaa chini kwenye vumbi mstari wa mbele kwa sababu hawana fedha za benchi. Wengine, kama ilivyo desturi kila timu kubwa inapofungwa, walianza kunong'ona habari za kununuliwa na za uchawi, pasipo ushahidi wa punje moja. Tunajua Surat Al-Hujurat inasema nini juu ya dhana, dhihaka na majina mabaya, na tumeisoma sura hiyo katika kila msiba na kila suluhu ya ndoa. Sijui ni nani aliyetufundisha kwamba hukumu yake husimama nje ya mlango wa kibanda.

Kesho yake nilipita uwanjani ambapo watoto hao hao hucheza kwa mpira uliosokotwa kwa maganda makavu ya mgomba. Mmoja akajifunga. Wenzake wakamzunguka wakimwita kwa jina la yule beki, tena kwa tusi lile lile la jana, neno kwa neno, mpaka akaondoka uwanjani analia. Hakurudi mchezoni siku ile. Akina mama wanaoshangaa matusi ya watoto yanatoka wapi, wawaulize waume zao walikuwa wapi Jumamosi jioni.

La pili ni kamari. Yapo madubwi, zile mashine za kumeza sarafu, na upo ule mkeka wa simu. Timu changa ni mtego mkubwa kwa mcheza kamari, kwa sababu haitabiriki: inafunga mabao manne leo, inapoteza uongozi wa mabao mawili kesho. Kijana mmoja wa jirani aliiweka fedha ya mbolea juu ya ushindi dhidi ya Coastal Union. Wakati wa mapumziko alikuwa tajiri. Sasa mvua za vuli zimekuja na shamba la nyumbani kwao linapandwa bila mbolea, na baba yake, mzee asiyejua hata timu zinavaa rangi gani, ndiye anayelipa. Haramu ya kamari imetajwa wazi katika Surat Al-Maida na haihitaji mfano wa Coastal Union ili ithibitike. Nautaja mfano huu kwa sababu kijana yule haoni kwamba alicheza kamari. Anasema aliiunga mkono timu yake.

Ijumaa iliyopita Simba ilikwenda Kigoma kucheza na Mashujaa. Mchezo ulikuwa mgumu, uwanja mgumu, na dakika tisini zikapita bila bao. Baadhi ya watu walikwisha nyanyuka. Ndipo, katika dakika za nyongeza, Mukwala akafunga. Kwangu mimi bao lile lina thamani kuliko yale manne ya Fountain Gate. Timu changa ya mwezi Agosti ingekata tamaa, au ingerusha mipira mirefu ovyo. Hii iliendelea kupitisha mpira pembeni, ikarudia, ikarudia tena. Wiki mbili tu baada ya kufungwa dakika za mwisho, vijana wale wale wameshinda dakika za mwisho.

Siku ya pili yake Azam wakaifunga Yanga 1–0, na Ntobeye ikalipuka kwa shangwe kuliko ilivyoshangilia bao la Mukwala. Sikuipenda. Kufungwa kwa jirani hakumfundishi Ahoua na Mukwala kuelewana. Nilipolisema hilo niliambiwa nimezeeka, na huenda ni kweli.

Kuna jambo moja ambalo sisi wa mkoa huu tunalijua kwa ladha ya pekee. Mnamo tarehe 19 Mei 2018 Simba iliyokwisha kutwaa ubingwa, ikiwa haijafungwa msimu mzima, ilikabidhiwa kombe Dar es Salaam mbele ya Rais Magufuli. Waliokuja kucheza nao siku hiyo ni Kagera Sugar, timu yetu ya mkoa. Kagera Sugar wakashinda 1–0, na Juma Kaseja, kipa wa zamani wa Simba, akaupangua mkwaju wa penalti wa Emmanuel Okwi. Nyumba nyingi hapa zilikuwa na huzuni na fahari katika sinia moja. Msimu huu Kagera Sugar nao wameanza vibaya. Yanga iliwafunga 2–0 pale Kaitaba mwishoni mwa Agosti, na nafasi yao katika msimamo haitii moyo. Wao hawana fedha za kununua kundi jipya la vijana kutoka nchi sita. Hatujasikia kelele kuhusu wao vibandani, wala matusi, wala machozi.

Simba bado haijafika Kaitaba msimu huu. Vijana wa hapa wameanza kuchangishana nauli ya kwenda Bukoba kwa njia ya Biharamulo na Muleba, safari ya siku nzima, na wamenipa daftari nilishike kwa kuwa wananiona mtu mzima. Majina yamefika kumi na saba. Kijana wa mbolea ameandikwa, ila mchango wake bado. Mzee mmoja naye amejiandikisha kwa sharti kwamba atakaa upande wa Kagera Sugar, na kwamba basi litasimama Muleba kwa sala ya Adhuhuri hata kama dereva ana haraka. Masharti yote mawili yamekubaliwa.