Baruapepe yaweza kusomwa bila intaneti, ila kwa maandalizi

MNAMO Mei 12, 2024, nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya Bahari Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika na kuvuruga huduma za intaneti nchini Kenya na katika mataifa jirani.

Aghalabu hali kama hiyo inapotokea, mtumiaji wa baruapepe hufunga tarakilishi yake na kusubiri. Hata barua aliyoisoma jana haimfai kitu, kwa sababu amezoea kuisoma kwenye tovuti, nayo tovuti haifunguki mtandao unapotoweka.

Hata hivyo, waliobuni baruapepe hawakudhani kwamba kila mtu angekuwa mtandaoni saa zote. Mark Crispin, aliyebuni mfumo wa IMAP katika Chuo Kikuu cha Stanford mnamo 1986, alieleza katika waraka wa 1994 njia tatu za kuzifikia barua.

Kwanza, barua zinaweza kubaki kwenye seva na kusomwa wakati mtumiaji ameunganishwa tu. Pili, zinaweza kupakuliwa hadi kwenye tarakilishi yake na kuondolewa kwenye seva, jinsi mfumo wa POP ulivyozoeleka kufanya.

Njia ya tatu huunganisha hizo mbili. Seva hubaki na barua, tarakilishi nayo huweka nakala. Mtumiaji husoma na kujibu akiwa nje ya mtandao, na anaporejea, programu hulinganisha pande zote mbili.

Njia hii ndiyo inayomfaa mwalimu anayenunua bando la siku, au afisa wa nyanjani anayefanya kazi mahali ambapo mtandao huja na kupotea. Lakini ina sharti moja: nakala ziwe zimepakuliwa kabla ya mtandao kutoweka. Akiba haiozi, ila lazima iwe imewekwa.

Chukua mfano wa Thunderbird, programu isiyolipiwa iliyotolewa rasmi na Mozilla mnamo Desemba 2004. Unapofungua akaunti yako humo kwa mara ya kwanza, chagua mfumo wa IMAP badala ya POP. Kwa akaunti ya Gmail, programu itakufungulia ukurasa wa Google ili uthibitishe kwamba akaunti ni yako.

Kisha bofya jina la akaunti kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua mipangilio, na uingie sehemu inayohusu ulinganishaji na uhifadhi. Hakikisha pametiwa alama panapoagiza barua za akaunti zihifadhiwe kwenye tarakilishi. Hapo pia unaweza kuamua kuhifadhi barua zote, au za siku chache zilizopita pekee, kwa mfano 30.

Jihadhari na kizuizi cha ukubwa kilicho katika sehemu iyo hiyo. Ukiiagiza programu isipakue barua zinazozidi kilobaiti 50, utaokoa data, lakini barua nyingi zenye picha au nyaraka hazitahifadhiwa kikamilifu. Utaona kichwa cha barua, ilhali waraka wenyewe hauna.

Kwenye kona ya chini, upande wa kushoto wa dirisha la Thunderbird, kuna alama ndogo ya muunganisho. Ukiibofya, programu huhamia nje ya mtandao; ukiibofya tena, hurejea. Ikikuuliza kama ungependa kupakua barua kabla ya kutoka, kubali, kisha usubiri imalize.

Kutuma barua ndiko kunakohitaji uangalifu zaidi. Ukiwa nje ya mtandao, barua unayoandika haiendi popote. Huwekwa katika folda ya barua zinazosubiri kutumwa, na hukaa humo hadi utakapounganishwa.

Tuseme makataa ya kutuma maombi ya kazi ni saa kumi na moja jioni. Ukiandika barua saa tisa alasiri ukiwa nje ya mtandao, kisha uunganishwe saa mbili usiku, umechelewa kwa saa tatu. Seva ya mwajiri hurekodi wakati ilipoipokea barua, wala haijui kwamba uliikamilisha mapema.

Kwa sababu hiyo, iagize programu itume barua zinazosubiri mara tu unaporejea mtandaoni, au angalau ikuulize. Kisha hakikisha folda hiyo imebaki tupu, na kwamba barua yako inaonekana miongoni mwa zilizotumwa.

Fauka ya hayo, usichukulie nakala hizi kuwa hifadhi ya pili. Katika mfumo wa IMAP, barua unayoifuta ukiwa nje ya mtandao itafutwa pia kwenye seva utakaporejea.

Wasiotaka kusakinisha programu wanaweza kutumia Gmail katika kivinjari cha Chrome. Katika mipangilio yake kuna sehemu ya matumizi ya nje ya mtandao, ambapo mtu huchagua kuhifadhi barua za siku 7, 30 au 90.

Njia zote mbili hazifai kwenye tarakilishi ya saiba au ya kuazima. Barua zilizohifadhiwa humo zinaweza kusomwa na yeyote atakayeketi hapo baada yako, ziwe za benki, za hospitali au za mwajiri.

Ukishamaliza matayarisho, jipime mapema. Zima intaneti kwa makusudi, kisha ujaribu kufungua waraka uliotumiwa wiki iliyopita. Usipofunguka, rekebisha mipangilio siku hiyo hiyo, ungali na mtandao wa kuupakua.