Injini ikizama Kivu, mlipaji ni nani?

Katika ofisi ya wakala wa bima huko Batsinda, Kigali, kutwa nzima wanaingia wenye pikipiki. Wanakata bima ya lazima, wanachukua karatasi zao, wanarudi barabarani. Katikati ya karatasi hizo nikaona mkataba wa boti ya starehe. Mwenyewe anaishi hapa hapa kwenye vilima vya Gasabo, chombo chake kiko Rubavu, kwenye ufuo wa Ziwa Kivu. Wakala, mama mwenye miaka mingi katika kazi hii, aliyeomba nisimtaje jina, hakunionyesha jina la mteja. Alinifungulia kurasa ambazo, kwa maneno yake, wateja hutia saini bila kuzisoma.

Kuna kifungu kimoja humo ambacho bado kinanisumbua. Injini inayopachikwa nyuma ya boti ikiibwa, kampuni inalipa, mradi ilikuwa imefungwa kwa kifaa cha kuzuia wizi, mbali na skrubu zake za kawaida. Injini hiyo hiyo ikichomoka yenyewe na kutumbukia majini, hailipwi hata faranga moja.

Nilimwuliza kwa nini. Mama akaeleza kwa subira. Mwizi ni mtu wa nje, na huwezi kumlaumu mwenye mali ikiwa alifunga kufuli. Skrubu ni jambo jingine. Injini inatetemeka muda wote inapofanya kazi, na mtetemo hulegeza skrubu kidogo kidogo, safari baada ya safari. Anayezikagua kabla ya kung'oa nanga anaona zimelegea. Asiyezikagua anakuja kujua boti ikiruka wimbi. Kampuni inaiita hasara hiyo uzembe, na haiilipi. Kivu ina kina kinachokaribia mita 480, kwa hiyo ikizama mbali na ufuo, nani atashuka kutazama kama skrubu zililegea au chuma kilikatika? Ushahidi uko chini na injini. Huo ndio ukali ninaouona mimi: kifungu hakiulizi sababu. Aliyekaza na asiyekaza wanapata jibu moja.

Maneno hayo hayakutungwa Kigali. Yamo katika vifungu vya London vya boti za starehe vya 1 Novemba 1985, vilivyojengwa juu ya sheria ya Uingereza ya bima ya majini ya mwaka 1906. Vinataja bahari, mito na maziwa. Vinataja pia radi, tetemeko la ardhi na mlipuko wa volkano, na hapo mama alinyoosha kidole upande wa magharibi. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilitapika lava hadi kwenye viunga vya Goma, jirani kabisa na Rubavu. Kwa vifungu hivyo, boti iliyoharibiwa na volkano inalipwa. Iliyoangusha injini kwa skrubu, hapana.

Je, gesi? Kivu imebeba methani, kiasi cha kilomita za ujazo 60, pamoja na kabonidioksidi nyingi zaidi, na mtambo wa KivuWatt huko Karongi unazalisha umeme kwa methani hiyo. Mlipuko umo katika vifungu, kwa sharti kwamba mwenye boti hakuzembea. Gesi ikipanda bila kulipuka, ikaua watu na boti ikabaki nzima? Mama alisema hajawahi kuulizwa.

Kinachomkosesha usingizi ni wageni. Mkataba unasema boti ni ya starehe binafsi, si ya kukodisha wala ya kulipisha. Marafiki wakichanga fedha za mafuta, ni starehe au biashara? Yeye huwashauri wateja waulize kampuni na wapate jibu kwa maandishi, kwa sababu siku ya ajali kila upande utakuwa na tafsiri yake.

Aliitaja MV Templar bila mimi kumkumbusha. Boti hiyo ya starehe ya mtu binafsi ilizama Ziwa Viktoria, upande wa Mukono nchini Uganda, jioni ya Jumamosi 24 Novemba 2018, ikiwa na watu waliokwenda kustarehe. Zaidi ya 30 walikufa, mwenye boti akiwa mmoja wao. Polisi walisema ilijaza watu kupita kiasi; serikali ikasema haikuwa na leseni. Chini ya sheria ya 1906, mwenye chombo akikubali kwa kujua kiondoke kikiwa kibovu, kampuni hailipi hasara iliyotokana na ubovu huo. Alichojua yeye, mgeni aliyealikwa hakukijua. Na familia ya mgeni huyo imfuate nani, ikiwa mwenye boti naye amekufa?

Mteja wa Batsinda anataka kukata upya bima yake. Mama amemrudishia fomu ajaze watu wangapi hupakia sikukuu zikifika, na kama anaowapakia huchangia chochote. Kwa kauli yake, hataituma kwa kampuni sehemu hizo mbili zikiwa tupu, hata akimpoteza mteja.