Utangulizi: Kusoma Vibao vya Njiani, Kigoma hadi Ujiji

NYUMBA HII HAIUZWI. Maneno haya, yaliyopakwa kwa brashi na mkono wenye haraka, utayakuta kwenye kuta za Dar es Salaam na za miji ya bara. Mgeni hucheka: kwani zile zisizoandikwa zinauzwa? Mwanafunzi wa fani ya kusoma vibao huuliza jambo jingine: ni nani alitaka kuiuza? Huenda tapeli ameshapokea malipo ya awali kwa nyumba isiyo yake. Huenda ndugu wanagombea mirathi, na mmoja wao ameamua kuwaonya wanunuzi kabla kaka yake hajawapata. Kibao ni jibu, na kazi yetu ni kulitafuta swali lake.

Marufuku nazo zisome hivyo hivyo. "Usikojoe hapa", na faini yake chini, huandikwa pale ambapo watu wanakojoa. "Leo fedha, kesho mkopo" humwezesha mwenye duka kumkatalia jirani bila kutazamana naye usoni. Karibu uanzie hapo, kwenye kilichokuchekesha. Nadharia utaikuta mbele.

Wataalamu huliita eneo hili la uchunguzi mandhari-lugha. Landry na Bourhis, mwaka 1997, walichunguza Wakanada wanaozungumza Kifaransa na kuonyesha kwamba lugha ya vibao huashiria hadhi ya wenye lugha hiyo. Mwaka 2009 Charles Bwenge alichapisha uchunguzi wake kuhusu uchaguzi wa lugha kwenye mabango ya Dar es Salaam. Naamini sasa ni zamu ya maandishi ya mkono, yale yasiyolipiwa na kampuni yoyote, na mwambao wa Ziwa Tanganyika ni mahali pazuri pa kuanzia.

Nenda Ujiji. Kibao cha kumbukumbu kinaeleza kwamba wasafiri Stanley na Livingstone walikutana tarehe 10 Novemba 1871, chini ya mwembe uliosimama hapo. Mwembe wenyewe ulishakufa, na tarehe wanahistoria bado wanaibishania. Kisha panda kaskazini hadi Mugere, kusini mwa Bujumbura, ukaone jiwe lililochongwa majina hayo mawili na tarehe 25-XI-1871. Wapo wanaoapa kuwa walikutana pale. La hasha: walikuwa wameshaonana Ujiji, na Mugere walipita wakichunguza kaskazini ya ziwa, wakalala. Jiwe halidai kwamba walikutana. Linataja majina na siku tu. Hadithi wameiongeza wasomaji.

Kwa hiyo usinakili maneno peke yake. Andika yamepakwa kwa kitu gani, yako kimo gani, yameshapakwa upya au yanafutika, na yanatazama upande gani wa njia. Bisha hodi kwa mwenye nyumba kabla ya kupiga picha. Na umtafute asiyetajwa: Susi, mtumishi wa Livingstone, alitangulia kumlaki Stanley njiani kuingia Ujiji, lakini maneno ya kibao kile yanawataja wawili tu.